Sabuni Haijui Dhahabu

Siku ambayo Fundi alikuwa anachoma visiki, hukuhitaji kuulizia nyumba yake pale Nyamisangura, mjini Tarime. Ulifuata pua. Harufu ilikuwa ya moshi, ya dawa ya kifua na ya kiatu kipya, vyote kwa pamoja, na ukikaribia macho yanaanza kutoka machozi kama umefika msibani. Majirani walilalamika mpaka wakachoka. Halafu mtoto akitoka upele, ni majirani walewale wanabisha hodi kwake.

Mimi niliipenda ile harufu kabla sijamwona mwenyewe. Msicheke, wajukuu. Mahari yangu ilishaliwa, ng'ombe wote walishafika kwa baba, nilikuwa mke wa mtu kule Genkuru na mwanangu Robi mgongoni. Nilichopenda ni kazi. Kuna mtu anapita mlango wa kanisa, anasikia wimbo, anaingia. Mimi nilisikia harufu ya sabuni nikaingia, na mpaka leo sijatoka.

Tulimwita Fundi. Tarime ilikuwa na fundi cherehani, fundi baiskeli na fundi saa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza kitu, ni yeye. Alikuwa Mwislamu, wazee wake walifuata biashara kutoka pwani, na alijua Kikurya cha kutosha kumtukana mtu na kumwomba radhi. Jina lake sijawahi kulitamka mbele yake, na sitaanza leo nyuma yake.

Kazi yake ilianzia pale kazi za wengine zinapoishia. Ile mipaini ya vilimani, wengine wanaiita misindano, ikikatwa watu wanachukua mbao wanaondoka. Fundi alikuja baada yao na shoka, kutafuta visiki. Kisiki kikikaa miaka kwenye mvua na jua, nje kinaoza, lakini moyo wake unakuwa mwekundu, unanata, unang'aa kama nyama mbichi. Huo moyo ndio alioutaka. Anaupasua vijiti, anavipanga wima kwenye pipa lenye tundu chini, mfuniko anauziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Pipa linakaa juu ya shimo, shimoni kuna sufuria, moto unawashwa kulizunguka pipa. Vijiti haviwaki, vinatoka jasho. Jasho lenyewe jeusi, zito, linadondokea kwenye sufuria tone kwa tone. Watu waliliita lami. Yeye aliliita asali ya kisiki, na ole wako uite lami mbele yake. "Lami ni ya barabara," alikuwa anasema. "Wewe ni barabara?"

Sabuni aliipika kwa mafuta ya ng'ombe kutoka machinjioni na kostiki, ile dawa nyeupe inayochoma ngozi. Kostiki aliiheshimu kama mkwe. Kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji, maji hayamiminwi kwenye kostiki. Ukigeuza, inakurukia usoni. Halafu anakoroga, upande mmoja, polepole, mpaka inakuwa nzito kama uji wa ulezi na mwiko unaacha njia nyuma yake. Ukimwambia afanye haraka anakujibu, "Mwenye haraka ni mteja. Sabuni haina safari."

Lakini ikifika zamu ya asali ya kisiki, mzee yuleyule alikuwa anabadilika. Asali ile ikiingia tu, sabuni inashika ghafla, inaganda sufuriani huku mkono bado unakoroga. Hapo Fundi alikuwa anaruka kama kijana kwenye ngoma. Sogea, lete sanduku la mbao, shika hapa, mwaga, piga chini, sawazisha. Jasho linamtoka na anacheka peke yake.

"Fundi," nilimuuliza siku moja, "si umesema sabuni haina safari?"

"Hii imeshapanda gari, mama Robi. Shika huko."

Kila kitu chake kilikuwa hivyo, kina upande huu na upande ule. Wiki nzima alikuwa mweusi mpaka kwenye nyusi, huwezi kujua ni mtu au ni chungu. Ijumaa akitoka kwenda msikitini, kanzu nyeupe haina doa, kucha safi kama za bibi harusi. Na huyu mtu aliishi kwa mafuta ya ng'ombe, katikati yetu sisi Wakurya, na alikuwa anamwogopa ng'ombe. Siku moja alikuja kwetu Genkuru kwa baiskeli, ndama akamsogelea kumnusa miguu. Fundi akaiweka baiskeli katikati kama ukuta.

Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Fundi, huyo ni ndama."

"Hata ndama ana mama yake," Fundi akasema, na hakutoka nyuma ya baiskeli mpaka ndama akafungwa.

Alikuwa mkarimu wa sabuni na bahili wa sifa. Mwenye upele asiye na kitu hakurudi mikono mitupu. Lakini watu wengine walijaribu kupika sabuni nyeusi pale mjini, wakamletea wakitaka neno zuri, na hilo hawakupata. Alikuwa anachukua kipande, anakwangua kwa ukucha, anakigusa na ulimi kama mpishi anayeonja mchuzi. Sabuni mbichi inauma ulimi, iliyoiva inanyamaza. Halafu anamrudishia mwenyewe. "Hii ioshee punda," anasema. Au, "Hii nzuri, peleka kwa fundi viatu."

Na alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Hakulificha, ukimuuliza analivuta anakuonyesha. Ndani kuna sanda yake, imekunjwa. Kuna karafuu maiti kwenye karatasi. Katikati kuna kipande kimoja cha sabuni nyeusi kwenye kitambaa cheupe, kile alichokiona bora katika vyote alivyowahi kupika.

"Hiki ndicho nitakachooshwa nacho nikifa," alikuwa anasema, bila huzuni, kama mtu anayekuonyesha tiketi. "Sitaki kwenda kwa Mola wangu nanukia sabuni ya dukani. Nikiona sabuni inayoizidi hii, nitaibadilisha. Sijaiona."

Mimi niliposikia hilo mara ya kwanza nilikuwa muuzaji tu, sijui hata kostiki inawekwa wapi. Wenzangu walitaka bati jipya, walitaka cherehani. Mimi nikataka kipande cha mkono wangu kilale katika sanduku lile.

Sasa niwaambie nilivyotoka kwenye kuuza nikaingia kwenye kupika, maana hapo ndipo ulipo utamu.

Zilikuwa zile nyakati za rashi ya dhahabu. Genkuru yetu iliamka siku moja ikawa mji. Watu walitoka kila upande, Wakurya, Wajaluo, Wasukuma, waliovuka mpaka pale Sirari, kila mmoja na sururu na hadithi ya mtu aliyetajirika jana. Mashamba ya mihogo yakawa maduara, ndiyo mashimo yenyewe tunavyoyaita, na usiku ukilala unasikia nyundo chini ya kitanda chako. Mawe yakipandishwa yanapondwa unga, unga unapelekwa mwaloni, pale mtoni wanapoosha. Wanaumwaga na maji juu ya mbao zilizotandikwa magunia, kinachobaki kwenye magunia wanakichekecha ndani ya karai, mpaka mchanga unaondoka na dhahabu inabaki imekaa chini kama mkia mwembamba wa njano. Nisikilizeni, nyie hamjauona huo mkia. Mtu mzima anauona anasahau jina la mama yake.

Lakini miili yao ilikuwa inaoza. Tope lile likikauka juu ya ngozi linatoboa. Ukurutu, upele, fangasi za miguu, mtu anajikuna huku anakula. Nikawa natoa sabuni kwa Fundi, nauza pale Genkuru. Mwanzoni hawakutaka. Walikuwa na imani yao kwamba mchimbaji akioga kwa sabuni siku za mavuno, dhahabu inamkimbia. Mimi nikawaambia, dhahabu inawakimbia kwa harufu zenu. Mmoja akaoga, upele ukakauka. Wa pili akaoga. Baada ya hapo nilikuwa napata shida kubeba.

Mpaka asubuhi moja wakaja uani kwangu kundi zima, na mbele yao Mwita, mwenye duara kubwa kuliko yote. Mwita alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili.

"Mama Robi, mlete huyo mchawi wako."

"Mchawi yupi?"

"Wa sabuni. Vijana wangu wamenawa mwaloni kwa sabuni yake, dhahabu ikapanda juu ya maji ikaondoka. Nimeiona kwa macho yangu. Dhahabu inaelea, mama. Umewahi kusikia jiwe linaelea?"

"Labda ulikuwa umekunywa."

"Nilikuwa sijanywa. Ndiyo maana nimeogopa."

Walitaka nyumba yake ichomwe, wengine walitaka aje aiondoe hiyo dawa. Nikamtuma mtu Tarime, nikamwambia amweleze Fundi asije. Fundi alipoelezwa asije, akapanda baiskeli akaja. Alifika na vumbi mpaka masikioni, akapita katikati ya ng'ombe wetu akiwa amefumba macho nusu, akaenda moja kwa moja mwaloni. Watu wote nyuma. Mume wangu akiwa na fimbo yake, kwa sababu hatukujua itaishaje.

"Leteni karai," Fundi akasema. "Tieni mchanga wenu uliopondwa vizuri. Mwita, chekecha wewe, mimi mtasema nimeweka kitu."

Mwita akachekecha. Mkia wa njano ukatokea, umetulia chini ya maji. Watu wakainama kuutazama.

Fundi akatoa kipande cha sabuni mfukoni, akakilowesha, akapaka kidole, akachovya kidole ndani ya karai. Povu dogo likatanda. Halafu, wajukuu zangu, mimi niliona. Ule unga wa dhahabu uliokuwa mwembamba kabisa ulipanda. Ulipanda ukakaa juu ya povu unameremeta, ukasogea mpaka ukingoni, ukamwagika na maji. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kukimbilia na mwanangu.

Wote walimtazama Fundi akatae. Mtu mwenye akili angekataa.

"Kweli," akasema. "Sabuni yangu inabeba dhahabu yenu. Mwita hakusema uongo."

Akasogea karibu na karai, anaangalia povu kama mtoto aliyeonyeshwa gari. Alikuwa hajawahi kuliona jambo lile maisha yake yote, na uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha. Amezungukwa na wanaume wenye sururu, na anafurahi.

"Mura," akamwambia Mwita, yaani kijana, "tope mgongoni kwako linatokaje?"

"Kwa sabuni."

"Inalishika, inalipandisha, inaondoka nalo. Mafuta na asali ya kisiki, kazi yao ni hiyo, kushika kitu chembamba. Sasa umeitia kwenye karai. Unataka ichague? Sabuni haijui dhahabu. Kwake dhahabu ni uchafu tu."

Mtu mmoja kwa nyuma akaanza kucheka, Mwita akageuka kumtazama kwa ukali, na yeye mwenyewe kikamtoka kicheko kama cha mtu aliyekabwa na ugali. Mwalo wote ukacheka. Wakakubaliana palepale: sabuni isivuke mti wa njiapanda kwenda mwaloni. Unafanya kazi na uchafu wako, unafunga dhahabu kwenye kichupa, ndipo unakwenda kuoga. Mwita akaisimamia sheria hiyo kuliko sheria za serikali.

Na wanawake, tusiwasahau wanawake. Wao walikuwa wamesikia neno moja tu, kwamba sabuni inabeba dhahabu. Kesho yake wake wa wachimbaji wakaanza kuwaogesha waume zao ndani ya karai. Mwanaume ambaye hajasuguliwa mgongo tangu aoe, leo anasuguliwa kichwa, masikio, katikati ya vidole vya miguu. "Inama, baba Chacha, bado huku." Maji hayamwagwi, povu linaenguliwa, linakaushwa, na kweli wapo waliopata kitu kidogo. Jirani yangu alisema nywele za mumewe zilikuwa duara lake mwenyewe. Sabuni iliniishia siku ileile.

Siku ile ya mwaloni, Fundi alipokuwa anaondoka, akasimama mbele yangu na baiskeli yake. "Mama Robi, unauza kitu usichokijua. Siku nyingine sitakuwepo. Njoo Nyamisangura ujifunze."

Hakuwahi kumwambia hivyo mtu mwingine. Nilikwenda.

Msidhani alinifundisha kwa upole. Sabuni yangu ya kwanza ilishika nikiwa naangalia pembeni, ikagandia sufuriani, mwiko umesimama wenyewe katikati. Fundi akaja, akatikisa mwiko, haukutikisika. "Umepika ugali," akasema. "Katafute mboga."

Kuanzia hapo ugali likawa jina la sabuni yangu. Nikarudi Genkuru nikachimba shimo langu, nikatafuta pipa langu, nikamsumbua mume wangu anibebee visiki. Kila nikipika, natuma kipande kwa mtu anayekwenda Tarime, na jibu linarudi kwa mtu anayekuja. "Fundi anasema ugali huu una mawe." "Fundi anauliza, ulikoroga kwa mguu?" Safari moja jibu lilikuwa refu: "Anasema asali yako imeungua, ulichochea moto kwa hasira, mlikuwa mmegombana na mumeo?" Na tulikuwa tumegombana. Nilikaa chini.

Wanawake wenzangu waliniambia niache, yule mzee hatakubali sabuni ya mtu mpaka aingie kaburini. Mimi nikasema ndiyo maana nina haraka.

Miaka ikapita. Rashi ikatulia, wengi wakafuata dhahabu kwingine, mashimo yakajaa maji. Sabuni ikabaki. Robi aliolewa Natta, akaipeleka huko. Mkwe wangu anafanya kazi kwenye kambi ya watalii, anasema wageni wanaijua kwa pua kama nilivyoijua mimi. Nimesomesha wajukuu kwa povu. Lakini mkinisifia ninyi, au akinisifia mgeni wa kambini, mimi nasikia sauti ya Fundi, tafuta mboga.

Mwaka huu, tulipomaliza kuvuna ulezi, nilifungua kipande kimoja kilichokauka tangu kabla ya mvua. Nikakigusa na ulimi. Kilinyamaza. Nikakipiga na ukucha, kikalia kama ubao. Nikakaa nacho kwenye mapaja muda mrefu. Halafu sikumtuma mtu. Nikafunga kilemba nikaenda mwenyewe.

Fundi hachomi visiki tena. Uani kwake kumeota nyasi pale palipokuwa na pipa. Binti yake alinikaribisha ndani, yeye amekaa kwenye mkeka, ametoka kuswali alasiri. Macho yameingia ukungu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama Robi. Ugali haujambo?"

"Haujambo. Nimeuleta."

Nikamwekea kiganjani. Akanusa upande mmoja, akageuza, akanusa upande wa pili. Akakwangua kwa ukucha. Akagusa na ulimi na kukaa na ulimi nje kidogo, anasubiri imuume.

"Kisiki umekitoa wapi?"

"Kilimani kwetu. Kule ulikoshindwa kupita kwa sababu ya ng'ombe."

"Sikushindwa. Niliwaheshimu." Akamwita binti yake alete maji na beseni. Akanawa polepole, viganja, vidole, mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayetafuta kosa kwa ngozi. Akasuuza. Akaleta mikono puani, akavuta pumzi, akakaa nayo.

Nikasubiri punda. Nikasubiri fundi viatu.

"Nipe sanduku," akamwambia binti yake.

Nikajua anataka kunionyesha tena kile kipande chake ili nione aibu vizuri. Binti akalivuta, akalifungua. Fundi akapapasa, akatoa kitambaa cheupe, akakifungua. Kipande chake kilikuwa kimesinyaa, kigumu kama jiwe la kusagia. Akakishika mkono wa kushoto na changu mkono wa kulia, akanusa hiki, akanusa kile.

Halafu akachukua changu. Akakifunga kwenye kitambaa cheupe, kona kwa kona, akakilaza kati ya sanda na karafuu maiti. Akafunga sanduku. Akalisukuma mwenyewe chini ya kitanda.

Kile cha zamani akaninyooshea mimi. "Hiki kaogee. Kimekaa muda mrefu bila kazi."

Nikakipokea kwa mikono miwili.

"Na usinitumie vingine," akasema. "Sanduku nimeshafunga."

Sikumbuki nilivyofika stendi. Najua tu kwamba nilikaa kwenye gari kati ya wanaume wawili na nikawa nacheka peke yangu mpaka mmoja akasogea dirishani. Nilipofika Genkuru nilichota maji kabla ya kusalimia mtu. Kipande kile kilikataa, kilikuwa kikavu mno, nikakisugua, nikakisugua, ndipo povu likaja, jeupe na jingi, na ile harufu ikajaa uani kama amekuja kuchoma visiki kwangu.

Namwombea aishi. Lakini siku ikifika, na maji yakamwagwa, atakwenda kwa Mola wake ananukia mkono wangu.